Mito ya Alaska na Migodi ya Jirani

Saa saba za usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti, 2014, ukuta wa bwawa la mgodi wa Mount Polley, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ulibomoka. Bwawa hilo halikuwa la maji ya kunywa wala la umeme. Lilikuwa la kuhifadhia tope la mgodi, yaani unga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa shaba na dhahabu, pamoja na maji yaliyotumika katika kazi hiyo. Kiasi cha meta za ujazo milioni 25 za maji na tope zilipasua njia, zikakifuata kijito cha Hazeltine, zikang'oa miti ya kandokando na kuisukuma yote mpaka katika Ziwa Quesnel. Kijito kilichokuwa chembamba kiliamka asubuhi kikiwa genge la upana wa makumi ya meta. Hakuna mtu aliyekufa. Lakini Ziwa Quesnel ni mojawapo ya mahali wanapokulia samaki aina ya samoni wa Mto Fraser, na majuma hayo ya Agosti ndiyo majuma ambayo samoni wakubwa huwa wamekwisha kuingia mtoni kutoka baharini, wakipanda kwenda huko huko ziwani.

Msiba huo wote ulitokea ndani ya Kanada. Mto Fraser huanzia Kanada na kuishia baharini Kanada. Hata hivyo, watu walioshtuka upesi walikuwa nje ya nchi hiyo, katika jimbo la Alaska la Marekani. Sababu ni rahisi kuiona mtu akitazama ramani. Kaskazini ya Mount Polley mito mitatu mikubwa, Taku, Stikine na Unuk, huanzia katika milima ya British Columbia, ikavuka mpaka na kumwaga maji yake katika pwani ya Alaska. Katika vyanzo vya mito hiyo ipo migodi iliyokwisha kuachwa, ipo inayofanya kazi, na ipo inayongoja kufunguliwa. Mmojawapo, mgodi wa shaba na dhahabu wa Red Chris katika bonde la Stikine, ulikuwa wakati huo mali ya kampuni ya Imperial Metals, ambayo ndiyo hiyo hiyo yenye Mount Polley. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2015, kabla tope la Hazeltine halijakauka vizuri.

Mpaka wenyewe una historia yake. Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867, na pamoja na nchi ikarithi ugomvi wa zamani wa mpaka kati ya Urusi na Uingereza. Ugomvi huo uliamuliwa mwaka 1903 na wanasheria sita waliokutana London: watatu wa Marekani, wawili wa Kanada na mmoja wa Uingereza. Mwingereza alijiunga na upande wa Marekani, Wakanada wakakataa kutia saini zao, na mstari ukachorwa. Mstari huo uliipa Alaska ukanda wa pwani pamoja na midomo ya mito. Vyanzo vikabaki Kanada. Watu wa kabila la Tlingit, ambao walivua samoni katika Mto Taku tangu kale, wakajikuta wengine ni raia wa upande huu na wengine wa upande ule, kwa uamuzi wa chumba ambacho hawakuingia. Wasikilizaji wa Afrika, hasa wale ambao kazi yao ni kulinda mipaka, hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo la namna hii.

Samoni ni samaki wa bahari na mito ya nchi za baridi. Wengi katika sehemu hizi wanamjua, kama wanamjua, kwa nyama yake nyekundu iliyotiwa koponi. Maisha yake ni ya ajabu, na bila kuyafahamu ni vigumu kufahamu kwa nini mgodi ulioko mbali sana na bahari waweza kumwua samaki wa bahari.

Samoni huzaliwa katika maji matamu. Mama huchimba kishimo katika changarawe ya kijito kwa mkia wake, akataga mayai, na kuyafunika kwa changarawe. Mayai hukaa humo wakati wote wa kipusa, yakipata hewa kutoka katika maji safi yanayopenya kati ya vijiwe. Tope laini likitua juu yake, hewa hukatika na mayai hufa. Wale wanaopona hukua mtoni au ziwani, wengine kwa mwaka mmoja au miwili, kisha huteremka baharini. Huko huzunguka kwa miaka kadhaa na maelfu ya kilometa. Wakikomaa hurudi, tena hawarudi katika mto wowote tu, bali katika mto ule ule, na aghalabu katika kijito kile kile walimozaliwa. Wakiisha kutaga, samoni wa Bahari ya Pasifiki hufa, na mizoga yao hulisha dubu, ndege, wadudu na hata miti ya kando ya mto.

Njia ya nyumbani samoni huitambua kwa kunusa. Kila kijito kina harufu yake ya udongo na majani, na samaki huyo huihifadhi tangu utotoni. Hapo ndipo shaba inapoleta madhara. Wataalamu wamethibitisha kwamba mikrogramu chache tu za shaba katika lita moja ya maji hutosha kuharibu uwezo wa samoni wa kunusa. Maji hayo mwanadamu aweza kuyanywa asione tofauti. Samaki hafi siku hiyo. Hupotewa na njia, au hushindwa kumtambua adui anayemjia, na mvuvi aliyeko kwenye mdomo wa mto huona tu kwamba mwaka huu nyavu ni nyepesi.

Shaba huingiaje mtoni? Si lazima bwawa libomoke. Mawe mengi yenye shaba na dhahabu yana kiberiti ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi hayana madhara. Yakichimbuliwa, yakasagwa na kuachwa wazi, hewa na mvua huyageuza kiberiti kuwa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha shaba, zinki na madini mengine na kuyachukua mtoni. Kazi hiyo ikiisha kuanza huendelea kwa miaka mingi sana baada ya wachimbaji kuondoka. Kwa hiyo mgodi mkubwa wa shaba huacha nyuma yake bwawa la tope ambalo lazima lilindwe daima. Neno hilo daima si la kutia chumvi. Mgodi waweza kufanya kazi miaka 20 au 50. Ukuta wa bwawa unatakiwa usimame wakati wajukuu wa wajukuu wa wachimbaji wamekwisha kusahau mahali mgodi ulipokuwa.

Mfano wa jambo hili upo katika bonde la Mto Taku. Mgodi wa Tulsequah Chief, si zaidi ya kilometa 70 kutoka Juneau, makao makuu ya Alaska, ulichimbwa na kampuni ya Cominco kutoka mwaka 1951 hadi 1957, kisha ukafungwa. Tangu wakati huo maji yenye tindikali yamekuwa yakitiririka kutoka katika mashimo yake na kuingia Mto Tulsequah, ambao ni tawi la Taku. Mto Taku una aina zote tano za samoni wa Pasifiki wanaovuliwa Amerika ya Kaskazini. Kampuni mbili zilijaribu kuufufua mgodi huo na kuahidi kwamba zitasafisha uchafu wa zamani. Ya kwanza ilifilisika mwaka 2009. Ya pili ilikabidhiwa kwa mfilisi mwaka 2016. Shaba iliyotoka Tulsequah ilifanya kazi ya miaka sita. Tindikali yake imefanya kazi zaidi ya miaka 60, na haijapata kustaafu.

Sasa swali linalowahusu watu wa ulinzi na usalama ni hili: nchi ikiharibiwa na kitu kinachotoka ng'ambo ya mpaka, bila askari kuvuka na bila risasi kulia, hufanya nini?

Kanada na Marekani zina majibu ya zamani kuliko nchi nyingi. Mwaka 1909 Marekani na Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na madaraka juu ya mambo ya nje ya Kanada, zilitia saini Mkataba wa Maji ya Mpakani. Kifungu cha nne cha mkataba huo kinasema kwamba maji yanayovuka mpaka yasichafuliwe upande wowote kiasi cha kudhuru afya au mali ya upande wa pili. Kwa mwaka 1909, wakati viwanda vya dunia vilikuwa vikimwaga uchafu popote vilipotaka, maneno hayo yalikuwa ya kuona mbali. Mkataba uliunda pia Tume ya Pamoja ya Kimataifa yenye makamishna sita, watatu kutoka kila upande.

Ipo pia hukumu mashuhuri. Kiwanda cha kuyeyusha madini cha Trail, British Columbia, kilikuwa kikitoa moshi wa kiberiti uliovuka mpaka na kuunguza mazao na misitu ya wakulima wa jimbo la Washington. Baada ya ubishi wa miaka mingi kesi ilipelekwa kwa waamuzi, na mwaka 1941 waliamua kwamba hakuna dola yenye haki ya kuitumia ardhi yake, au kuruhusu itumiwe, kwa namna ya kuleta madhara makubwa kwa moshi katika nchi ya mwingine. Kanada ililipa fidia. Hukumu hiyo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya dunia nzima. Kampuni iliyokuwa na kiwanda cha Trail ndiyo ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cominco, ile ile ya Tulsequah.

Kwa hiyo sheria ipo. Upungufu uko katika utekelezaji. Kwa desturi, Tume haichunguzi jambo mpaka Serikali zote mbili zikubaliane kulipeleka mbele yake, na hata ikichunguza, ripoti yake ni ushauri tu. Mwenye mgodi akikataa kuchunguzwa, na Serikali yake ikasimama naye, mkataba hubaki katika kabati. Alaska, kwa kuwa ni jimbo tu, haiwezi kuishtaki Kanada. Lazima Washington izungumze na Ottawa, na Washington ina mambo mengine mengi ya kuzungumza na Ottawa. Mwaka 2015 Gavana wa Alaska na Waziri Mkuu wa British Columbia walitia saini hati ya maelewano ya kupashana habari na kupima maji pamoja. Wavuvi waliisoma na kuona kwamba haikuwa na kifungu hata kimoja cha kumlazimisha mtu yeyote kulipa chochote.

Si kwamba nchi hizi mbili hazijui kupatana juu ya samoni. Mwaka 1985 zilifunga Mkataba wa Samoni wa Pasifiki, unaogawa samaki kati ya wavuvi wa pande zote, maana samaki aliyezaliwa Kanada aweza kunaswa na nyavu za Alaska kabla hajafika kwao. Mgawo huo umepata kuleta joto. Mwezi Julai 1997 wavuvi wa Kanada, wakidai kwamba Alaska inawaibia samaki wao, waliizunguka kwa mashua zao meli ya abiria ya Alaska iitwayo Malaspina katika bandari ya Prince Rupert, wakaizuia kwa siku tatu na mamia ya abiria ndani yake. Askari waliowahi kusimama kati ya wananchi wenye hasira na chombo cha nchi nyingine wanajua jinsi jambo kama hilo liwezavyo kuharibika kwa kosa dogo. Halikuharibika. Lakini linaonyesha kwamba amani kati ya majirani wema yaweza kutikiswa na samaki. Mkataba wa 1985 unahesabu samaki waliovuliwa. Haujibu swali la samaki ambao hawakuzaliwa kwa sababu kijito chao kiliharibiwa.

Tofauti huonekana vizuri mahali ambapo mgodi, mto na bahari vyote viko chini ya Serikali moja. Upande wa magharibi wa Alaska iko Ghuba ya Bristol, ambako huvuliwa kiasi cha nusu ya samoni wekundu wote wa mwitu wanaovuliwa duniani. Mwaka 2022 samaki wapatao milioni 79 walirudi katika mito yake, na milioni 60 kati yao wakavuliwa. Uvuvi huo umefanywa kwa biashara tangu karne ya 19, na samaki bado wanarudi. Katika vyanzo vya mito miwili ya ghuba hiyo liligunduliwa, katika miaka ya 1980, fungu kubwa la shaba na dhahabu liitwalo Pebble. Waliogundua walikuwa, kwa mara nyingine, Cominco. Haki ya kulichimba ilikuja mikononi mwa kampuni ya Northern Dynasty ya Vancouver.

Uamuzi juu ya mgodi huo ulipitia jeshini, na hili huenda likawashangaza baadhi ya wasikilizaji. Katika Marekani, mtu yeyote anayetaka kufukia mto au bwawa kwa mawe na udongo lazima apate kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Nchi Kavu. Madaraka hayo yalianza katika karne ya 19, wakati njia za maji zilihesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi. Tarehe 25 Novemba, 2020, Kikosi kiliinyima kampuni kibali, kikisema kwamba mradi haukuwa kwa manufaa ya umma. Januari 2023 Shirika la Hifadhi ya Mazingira, likitumia Sheria ya Maji Safi, lilipiga marufuku kutupa mabaki ya mgodi katika mito hiyo, baada ya kuona kwamba mpango ule ungeangamiza kiasi cha kilometa 160 za vijito. Uamuzi wa kwanza ulitolewa chini ya Rais wa chama kimoja na wa pili chini ya Rais wa chama cha upinzani wake. Kampuni na Serikali ya jimbo la Alaska zilikwenda mahakamani mwaka 2024 kupinga. Lakini mvuvi wa Ghuba ya Bristol alikuwa na mlango wa kubisha, na mlangoni alikuwapo ofisa mwenye uwezo wa kusema hapana. Mvuvi wa Mto Unuk hana.

Haki inataka upande wa pili usikilizwe. British Columbia husema kwamba dunia inayotaka magari na mitambo ya umeme haiwezi kuipata bila shaba, na kwamba miji yake ya milimani inahitaji kazi. Husema pia, na hapo ndipo inapochoma, kwamba Alaska yenyewe ina migodi yake mikubwa, na kwamba Serikali ile ile ya jimbo inayolalamika juu ya mito ya mpakani ndiyo iliyotetea mgodi wa Pebble. Hoja hiyo ni kweli. Haiwasaidii, hata hivyo, Watlingit na wavuvi wadogo, ambao wamepinga migodi ya pande zote mbili.

Tena ajali hazijakoma. Baada ya Mount Polley, wataalamu huru walikuta kwamba ukuta, wenye urefu wa karibu meta 40, ulikuwa umejengwa juu ya tabaka la udongo dhaifu ambalo wahandisi hawakulitambua, na uliinuliwa ukiwa wima kupita kiasi. Walitumia mfano ambao askari hahitaji kufafanuliwa: kujenga juu ya udongo ule kulikuwa sawa na kutia risasi bundukini, na kuusimamisha ukuta wima kulikuwa kuvuta kifyatulio. Walionya kwamba jimbo lisipobadili njia zake, mabwawa mawili yatabomoka katika kila miaka kumi.

Mwezi Aprili 2024 Kanada na Alaska zilikubaliana kusimamisha kwa miaka saba uvuvi wa samoni wakubwa waitwao chinook katika Mto Yukon, ambao nao huvuka mpaka, kwa kuwa samaki hao wamekuwa wachache mno. Familia ambazo tangu enzi za mababu zilikausha samaki hao kwa ajili ya kipusa zilitundika nyavu. Tarehe 24 Juni mwaka huo huo, katika mgodi wa dhahabu wa Eagle upande wa Kanada wa bonde la mto huo, lundo la mawe yaliyokuwa yakinyunyiziwa sianidi ili kutoa dhahabu liliporomoka. Mamia ya maelfu ya meta za ujazo za maji yenye sianidi yalitoka nje ya kingo zake, na samaki waliokufa wakaonekana katika kijito cha jirani. Kufikia Agosti mgodi ulikuwa mikononi mwa mfilisi, na gharama za usafishaji mikononi mwa umma.

Mwaka huo wa 2024 palikuwa na hatua moja ya mbele. Mwezi Machi Serikali zote mbili zilikubali kupeleka mbele ya Tume ya Pamoja suala la madini ya seleni yanayotoka katika migodi ya makaa ya mawe ya bonde la Elk, British Columbia, na kuingia katika mito ya Montana na Idaho. Wenyeji wa kabila la Ktunaxa, wanaoishi pande zote za mpaka, walikuwa wamelidai jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Mito ya Taku, Stikine na Unuk haikutajwa katika ombi hilo.

Na Mount Polley? Muda wa kufungua mashtaka chini ya sheria za jimbo uliisha Agosti 2017 bila mtu kushtakiwa. Desemba 2024, miaka kumi na miezi minne baada ya usiku ule, waendesha mashtaka wa Serikali ya Shirikisho walifungua mashtaka 15 chini ya Sheria ya Uvuvi dhidi ya Imperial Metals na kampuni nyingine mbili. Mgodi wenyewe ulikuwa umekwisha kurudi kazini. Machi 2025 Serikali ya jimbo iliruhusu ukuta wa bwawa hilo hilo uinuliwe kwa meta nne zaidi, na wenyeji wa kabila la Xatśūll wakaenda mahakamani kupinga.